Kuku Aliyewika Uwani kwa Bi Khamisa

Mwatima alirudi kwa mama yake, Malindi, mimba ikiwa ya miezi saba, lakini safari hii hakuja na nguo za mtoto. Mara mbili alikuwa amekuja nazo, na mara mbili zilirudi kashani hazijavaliwa. Mama yake, Bi Khamisa, mjane wa Maalim Mabrouk, hakumuuliza. Alimtandikia kitanda cha chumba cha juu, akamfungulia dirisha linalotazama uwani, kisha akashuka ngazi taratibu akiwaza kuku.

Mayai ndiyo aliyoyataka. Mkunga alikwishasema Mwatima hana damu ya kutosha, na mzazi hawezi kukaa arobaini nzima kwa uji wa pilipili manga peke yake. Mayai mawili kila siku, na moja la akiba. Ya sokoni Bi Khamisa hakuyaamini. Alishapasua mengi yakamtoka viza. Ila kufuga hakuwahi. Marehemu mumewe alisomesha watoto chini ya nyumba hiyohiyo, na hakupenda uchafu wa kuku karibu na misahafu.

Banda alisaidiwa na jirani, Mzee Machano, muadhini wa msikiti wa mtaani, ambaye pia ndiye aliyewachinjia kuku wanawake wa mtaa ule. Walilipiga kwa mbao za makasha ya chai, wavu mbele, fito mbili ndani za kulalia. Miguu minne ya banda waliisimamisha ndani ya makopo ya maji yenye mafuta ya taa juu, siafu wasipande. Kwenye pembe alitia mapakacha yenye majani makavu ya mgomba, humo ndimo watage.

Kuku walikuja kila mmoja na kwao. Watatu wa kienyeji: mweusi, wa madoadoa, na kishingo asiye na manyoya shingoni. Wawili weupe wa kizungu alipewa na Bi Tahera, Mhindi wa nyumba ya pili, ambaye shemeji yake alikuwa na shamba Mtoni. Bi Tahera alimtahadharisha kwamba weupe wakihamishwa hugoma kutaga wiki mbili, asiwatie kisuni. Wa sita, kuku wa kikuchi, shingo ndefu, miguu kama ya korongo, aliletwa kutoka Nungwi na mama mkwe wa Mwatima ndani ya tenga, bila maneno mengi. Bi Khamisa akamhesabu na wenzake. Jimbi hakumtaka, mayai yalikuwa ya kuliwa, si ya kulaliwa. Bi Kazija, shoga yake wa ukuta mmoja, alimcheka, akasema kuku bila mume atataga hewa. Siku ya tatu mweusi akataga, na Bi Kazija akanyamaza.

Bi Khamisa akapiga hesabu yake. Kuku sita, kila mmoja siku moja ndiyo siku moja siyo, basi matatu kwa siku. Aliwapa pumba, machicha ya nazi na maganda ya chaza yaliyopondwa, akangoja. Mweusi hakukosa. Wengine wakawa wanajikokota.

Mimba ilipoingia mwezi wa tisa, asubuhi moja Bi Khamisa yuko katika tahiyatu ya sala ya alfajiri, uwani kuku akawika.

Hakukuwa kuwika kulikokamilika. Kulianza kwa nguvu, kukakatika katikati, kama mtu aliyezibwa mdomo. Bi Khamisa alitoa salamu, akabaki juu ya msala akisikiliza kama Mwatima ameamka. Juu kulikuwa kimya.

Bi Kazija aliingia bila hodi, kanga begani.

“Umesikia, shoga?”

“Nimesikia.”

“Na jimbi huna.”

“Sina.”

“Basi jike huyo. Jike akiwika, nyumba hiyo kuna mtu ataondoka. Nawe unajua nani yuko juu.”

Bi Khamisa alimjibu kwamba Mtume amekataza kuamini nuhusi, na kwamba Maalim Mabrouk angemsikia angemtoa nje. Bi Kazija alikwenda kwenye wavu, akawatazama kuku mmoja mmoja, akasema ni yule mweusi. Alimwona kwa dirisha lake, amenyoosha shingo juu ya fito.

“Mchinje kabla jua halijatua. Mimi nshakwambia. Likitokea la kutokea, usije ukasema Kazija aliona akanyamaza.”

Neno hilo la mwisho ndilo lililomkaa Bi Khamisa. Kutwa nzima alipepeta mchele uleule. Akimwacha kuku, na mtoto akazaliwa kimya kama wale wawili, mtaa mzima utajua kuwa bibi yake alionywa. Akimchinja, amemshirikisha Mungu na sauti ya kuku. Mwatima aliposhuka kuuliza mbona mama hali, alimwambia kichwa kinamuuma. Hilo la kuwika hakulitaja. Mwanamke mwenye mimba haambiwi jambo kama lile.

Baada ya alasiri alimshika mweusi, akamfunga miguu kwa kigwe, akamtia kikapuni. Kuku hakupiga hata kelele, alikuwa ameshamzoea.

Machano alimpokea mlangoni, akauliza kama kuna wageni. Bi Khamisa akasema hapana, nyama yote ni yake, haitarudi nyumbani. Mzee akaelekea kibla na kisu chake. Bi Khamisa alikuwa keshafika kwake alipoitwa tena. Machano alishika kwenye kitambaa yai alilolitoa tumboni mwa kuku, gamba lake limekwisha kuwa gumu.

“Hili lilikuwa la kesho, Bi Khamisa. Kuku huyu alikuwa na kosa gani?”

Alilichukua yai, akalizika ndani ya mtungi wa pumba. Kulipika hakuthubutu, kulitupa hakuthubutu.

Kesho yake alfajiri, uwani kukawikwa tena. Safari hii mara mbili, na kwa sauti iliyotimia.

Bi Khamisa alishuka bila viatu. Kama si mweusi, basi amemwaga damu bure, na kile alichokikimbia kingali bandani kikimngoja. Alishika wavu kwa mikono miwili. Kuku watano walimtazama. Juu ya kichwa chake dirisha likafunguka, na Mwatima akatoa uso, anacheka.

“Mama, sauti ishamtoka huyo kuchi wetu! Mbona hukunambia kama kashaanza?”

“Kuchi yupi?”

“Huyo hapo wa Nungwi. Pora huyo, jimbi mchanga. Kwao mume wangu, kina Msabah, wamejaa tele hawa. Makuchi huchelewa, mama. Upanga wa kichwani mdogo, mkia haujapinda, asiyewajua humwona jike.” Akainama zaidi. “Na mweusi yuko wapi?”

Bi Khamisa alikaa juu ya ngazi ya jiwe.

“Nimemchinja.”

“Si ndiye aliyekuwa akitaga?”

“Ndiye. Nilidhani yeye ndiye aliyewika.”

Kicheko cha Mwatima kilikatika. Akashika tumbo lake kwa mkono mmoja, polepole, kama mtu afunikaye sahani.

“Uliniogopea mimi,” alisema.

Mama yake alikwenda kutawadha, akasali rakaa mbili za toba, lakini hofu haikutoka. Alichokijua sasa ni kwamba kuku hana habari. Lakini wale wawili wa kwanza walikufa bila kuku yeyote kuwika.

Uchungu ulianza siku ya tatu, asubuhi. Mkunga alifunga dirisha. Bi Kazija alikaa mlangoni, na Bi Khamisa kichwani kwa mwanawe, tasbihi mkononi. Karibu na adhuhuri kuchi akawika chini. Bi Kazija akainua uso, wakatazamana.

“Jimbi huyo,” alisema Bi Khamisa. Akakumbuka alivyofundisha Maalim: mkisikia jimbi, muombeni Mungu fadhila zake, ameona malaika. Akaziomba kwa sauti, mara moja.

Mtoto alitoka. Hakulia.

Mkunga alimgeuza, akamsugua mgongo. Bi Khamisa alihesabu punje za tasbihi, kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kuhesabu. Ya tisa. Ya kumi. Katika ya kumi na moja mtoto alikohoa, kisha akalia kwa hasira, na Bi Kazija akajifunika uso kwa kanga.

Machano aliitwa, akamwadhinia mtoto wa kike sikioni. Jioni Bi Khamisa alifungua mtungi. Kuku wanne wa kutaga: mawili kwa siku, akiba hakuna. Alichemsha yai la mweusi, akalimenya, akampelekea mzazi.

“La nani hili?” aliuliza Mwatima, maana lilikuwa dogo na la rangi ya udongo.

“Lake.”

Mwatima alilimega katikati, nusu akampa mama yake. Bi Khamisa alikula ameelekeza sikio kwenye pumzi za mtoto, akihesabu siku zilizobaki za arobaini: thelathini na tisa.