Swichi ya Bega la Twiga

Uliiona swichi ile ukageuza uso, usijitie hamnazo. Fundi umeme, aliyeitwa Twiga kwa urefu wake, alizifunga swichi zote za nyumba ya Bibi kwa kipimo cha bega lake mwenyewe. Bibi, anayetembelea kiti cha magurudumu, akawa anawasha taa ya choo kwa mwiko.

“Bibi yetu mbunifu, jamani!” wajukuu wakacheka.

Jana mwiko uliteleza, Bibi akapinduka na kiti, mkono ukateguka. Mwanawe akatoka mbio kwenda dukani, akarudi anatweta na mwiko mrefu zaidi.

“Baba,” Bibi akamwambia, “ishushe swichi. Mimi nimeshashuka vya kutosha.”

Nawe unayecheka, keti kitini, nyoosha mkono ukutani. Hufiki? Mwite fundi leo hii, aje na futi, bega aliache kwao!