Babu Hataki Kuhama

Mto ulipomega bustani ya mboga, familia ilikaa kikao. Ulipomeza choo, tukakaa kingine. Kwa vikao hatujambo.

Mvua za siku hizi hazina adabu, zinamwaga msimu mzima kwa siku moja. Ukingo ulishakaribia kaburi la babu, na nyuma ya kaburi ni nyumba ya bibi.

"Tuhame," nikasema.

Shangazi, ambaye nyumba yake ya matofali iko juu kabisa mlimani, akanikata jicho. "Babu yako kanijia ndotoni. Hataki kuhama."

Mjadala ukafa hapo. Marehemu kasema, nani ambishie? Baba mdogo akaongeza kwamba mto utamheshimu mzee, kana kwamba choo kilimezwa kwa kukosa heshima. Kiongozi wetu wa dini, aliyealikwa kuleta busara na kunywa chai, akasema kufukua maiti ni dhambi, tufunge na kuomba. Tukafunga. Mto haukufunga, wiki hiyohiyo ukala banda la kuku.

Bibi alikuwa akitumiminia chai muda wote. Asubuhi moja akatuita sebuleni sote, pamoja na yule kiongozi.

"Mume wangu kaja jana," akasema. "Kabadili mawazo."

"Mama, mbona mimi hakuniambia?" shangazi akashtuka.

"Aliona haya, maana linakuhusu. Anataka alazwe kwenye kiwanja chako, chini ya dirisha lako. Na mimi nisiwe mbali naye. Kakitaja chumba cha wageni."

Baba mdogo akapaliwa na chai. Shangazi akamgeukia kiongozi wa dini kwa macho ya kuomba msaada. Naye akafikiri kidogo, akagundua kwamba dhambi ile ina ruhusa wakati wa dharura. Kisha akauliza kama kiwanja kitatosha na nyumba ya ibada, kwa kuwa ya kwetu nayo inachungulia mto.

Tulimhamisha babu Jumamosi. Walipoinua mabaki, bibi alinishika mkono kwa nguvu. "Alikuwa mzito, huyu," akanong'ona, na hapo ndipo akalia.

Jioni, akipanga nguo zake kwenye kabati la shangazi, nikamuuliza kama kweli babu alikuja.

"Yule? Hata akiwa hai, kumtoa neno ilikuwa kazi."

Baba mdogo bado yuko kule chini. Anasema yeye hajaota chochote.