Barafu ya Sokoni

Ilikuwa mwaka 2023, wakati wa masika, wiki ambayo mvua iliunyima mji wa Morogoro umeme kwa siku tatu. Judith, fundi wa kuhakiki vipimajoto, alikuwa amechutama mlangoni pa ghala la chanjo, macho hayabanduki kwenye namba za mita yake.

Kipimajoto cha ghala kilikuwa waya mwembamba wa platini ndani ya bomba la chuma. Joto likipanda, ukinzani wake wa umeme nao hupanda. Katika barafu inayoyeyuka, ukinzani huo ulipaswa kuwa omu mia kamili. Judith alikuwa amelizamisha bomba kwenye chombo cha barafu, na mita ilisoma tisini na tisa nukta sita.

"Kinapunguza digrii moja," alisema. Asubuhi kilikuwa kimeonyesha saba na nusu. Kumbe ghala lilikuwa na nane na nusu, na ukomo wa chanjo ni nane. "Zote zimwagwe."

Wauguzi watatu walioteremka kutoka Kinole na masanduku yao ya baridi wakatazamana. Watoto mia nne walikuwa wakingoja huko mlimani.

"Kipimo hiki ni kizima, mwanangu," alisema Mzee Dominiko, mtunza ghala.

"Kimeingia maji! Ulikilowesha ulipoosha chumba, ukaficha. Acha uongo, mzee."

Miaka ishirini na sita ya kazi, hakuna aliyepata kumwambia mzee neno hilo. Mzee aliinamia chombo cha barafu, akanusa.

"Umeitoa wapi hii?"

"Sokoni. Jenereta ni ya ghala tu, friji letu halina umeme."

"Kwa wauza samaki?"

"Barafu ni barafu."

"Inanuka vibua. Ionje."

"Bado ndimu tu!" akadakia muuguzi mmoja.

Judith akachovya kidole, akaonja. Chumvi. Barafu yenye chumvi hushuka chini ya sifuri. Iliyopungua digrii ni barafu yenyewe, si kipimajoto.

Dereva wa wauguzi alitumwa mbio maabara yenye jenereta, akarudi na barafu ya maji yaliyokenekwa, yasiyo na chembe ya chumvi. Judith akaiponda, akaliosha bomba, akalizamisha. Tisini na tisa nukta saba. Nukta tisa. Mia. Namba zikatulia papo hapo. Saba na nusu ya asubuhi ilikuwa ya kweli, na chanjo zilikuwa salama.

"Pakieni upesi," mzee aliwaambia wauguzi.

"Ngojeni kwanza," alisema Judith, akasimama mbele yao. "Nyinyi mlinisikia nikimwita mzee huyu mwongo. Alisema kweli, aliyekosea ni mimi. Mzee Dominiko, naomba radhi."