Doa Jeusi Siku ya Barua

Siku wageni walipoleta barua ya posa yangu nyumbani kwetu Miyuji, barua ilikaa mfukoni mwa koti la mshenga tangu kabla ya chakula hadi kivuli cha nyumba kilipofika getini, kwa sababu wazee walikuwa wanatafuta mahali gari linapovuja.

Baba yangu, Mzee Mazengo, alistaafu utumishi baada ya kukaa kwenye kamati nyingi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Alipostaafu alitandaza pevingi, yale matofali ya saruji, ua mzima. Dodoma ina vumbi, wote tunajua, lakini baba aliamua kwamba kwake vumbi limefika mwisho. Mgeni akimwaga chai sebuleni, baba humwambia asijali, ni chai tu. Akiimwaga uani, baba huinuka mwenyewe kutafuta tambara.

Siku ile alilitoa gari lake nje ya geti, akaliacha juani, ili gari la wageni lipate heshima ya kuegeshwa juu ya pevingi, chini ya kibanda cha nguzo za miti.

Wageni walikuwa wawili. Mwenye gari alikuwa Mzee Deusdedit, baba mkubwa wa Pantaleo, mchumba wangu. Alikuwa ametoka Chemba tangu alfajiri na gari lake dogo la zamani, lenye rangi ya maziwa yaliyoganda. Wa pili alikuwa mshenga, Mwalimu Yohane, anayefundisha kwaya na hesabu. Pantaleo mwenyewe, kwa desturi, hakuja. Alibaki chumbani kwake Makole akinitumia ujumbe.

Mimi nilikuwa jikoni na mama na Shangazi Anna, kwa sababu binti haonekani hadi aitwe aulizwe kama anawafahamu wageni. Dirisha la jikoni linatazama uani. Nilikuwa nimevaa gauni jipya, na nilikuwa na hofu. Kwao Pantaleo barua hailetwi mara mbili. Ikirudi Chemba haijapokelewa, wazee huhesabu kwamba wamekataliwa, na kijana hutafutiwa nyumba nyingine. Pantaleo alikuwa ameniambia hivyo, akaongeza kwamba nisiwe na wasiwasi, wazee wetu ni watu wazima.

Wageni walipokelewa vizuri. "Mbukwenyi!" baba aliwasalimia Kigogo, nao wakaitikia na kucheka. Baba akatoka kunawa mikono kwenye bomba la uani. Akarudi hajanawa.

"Mkwe," alimwambia Mzee Deusdedit, kwa ile sauti ya upole wa ofisini, "hebu njoo kidogo uone kitu."

Chini ya pua ya gari palikuwa na doa jeusi, pana kama sinia, linang'aa.

"Gari lako lina tatizo lolote?"

"Hili?" Mzee Deusdedit alicheka. "Hili nimelinunua Pantaleo yuko darasa la pili. Limebeba maharusi, limebeba maiti, limebeba wajawazito usiku na mvua. Halijawahi kudondosha tone."

"Basi limeanza leo."

"Kwako?"

"Kwangu, mkwe. Juu ya pevingi."

Mwalimu Yohane alikuja mbio, kiganja juu ya mfuko wa koti. "Wazee wangu, labda tungeanza na barua, halafu hili..."

"Mwalimu, hatuwezi kuweka jambo juu ya jambo," baba alisema. "Tuunde kamati ndogo."

Kamati ikaundwa palepale. Baba akawa mwenyekiti kwa kuwa pevingi ni zake, Mzee Deusdedit mjumbe kwa kuwa gari ni lake, na Mwalimu Yohane katibu kwa kuwa alikuwa na kalamu.

Jikoni, mama aliangusha upawa.

Wiki hiyo mchwa walikuwa wamepanda nguzo za kibanda hadi usawa wa kiuno. Huku kwetu kila mtu anajua dawa ya mchwa: oili chafu ya gereji, unaimwaga kwenye mashina ya nguzo. Baba pia anajua, lakini alikuwa amepiga marufuku oili chafu isikanyage ua wake, akanunua dawa ya unga ambayo mchwa waliipita kama watu wanavyopita tangazo. Alfajiri ile, baba akiwa bado amelala, mama alimwaga oili chafu dumu zima. Nilimwona. Ilizama kati ya pevingi, tukashukuru. Jua lilipopanda, ikateleza kimyakimya hadi bondeni mwa ua, ikatokeza palepale gari la wageni lilipokuwa limekaa.

"Mama," nikanong'ona, "ile oili ya asubuhi..."

"Oili gani?" Akaficha mikono ndani ya kanga. Alikuwa ameisugua kwa majivu na kwa sabuni, lakini kucha zilikuwa bado nyeusi.

"Wifi yangu," alisema Shangazi Anna, "umetumaliza."

"Mimi? Si mchwa?"

"Nenda ukamwambie kaka."

"Nimwambie mbele ya wakwe kwamba namgeuka mume wangu alfajiri? Bora gari livuje."

Simu ikatetemeka. Pantaleo: *Wameipokea?* Nikaandika: *Bado. Wamefungua boneti.*

Uani, mwenye gari alikuwa amechomoa stiki ya oili, akaifuta kwa leso yake nyeupe ya sherehe, akaichovya tena, akaiinua juu kama padri na kikombe.

"Imejaa! Gari linalovuja linajaaje oili?"

"Imejaa kwa sababu umeongeza njiani," baba alisema. "Mtu mwenye gari la namna hii huongeza njiani."

"Mkwe, unaniita mwongo?"

"Sijasema hivyo. Katibu, usiandike hivyo."

Ikabidi mtu aingie chini ya gari. Hapo kamati ikakwama. Mzee Deusdedit hawezi kulala chali na kutupa miguu ukweni, mama mkwe yuko dirishani. Baba hawezi kutambaa chini ya gari la mgeni wake kama ameajiriwa naye. Wote wawili wakamgeukia katibu.

"Mshenga si mkwe," baba alisema.

"Wala si mwenyeji," Mzee Deusdedit akaongeza. Lilikuwa jambo la kwanza kukubaliana mchana ule.

Hata hivyo adabu ni adabu. Shangazi Anna aliitwa ashike kanga, aitandaze kama pazia, ili miguu ya mshenga isionekane kutoka jikoni. Mwalimu Yohane akavua koti, akalikumbatia kwa sababu ya barua, akaingia. Tukasikia sauti yake ya kwaya ikitoka chini ya chuma.

"Pakavu!"

"Angalia vizuri, Mwalimu. Nati ya kumwagia oili?"

"Kavu, Mzee. Ina vumbi."

"Filta?"

"Vumbi."

"Mnasikia?" alisema Mzee Deusdedit. "Injini inayovuja, vumbi huigandia, linakuwa tope. Kama ni vumbi jepesi, hakuna kinachovuja."

Mtu yeyote angemwelewa. Baba alishika kidevu. "Inaweza kuwa gasketi ya juu. Hii huvuja ikiwa ya moto tu. Tufanye jaribio."

Jaribio likafanyika. Walitandika boksi la soda lililokunjuliwa, wakawasha injini, wakasimama wote watatu wakilitazama boksi kama watu wanaongoja matokeo ya kidato cha nne. Jikoni pilau ikapoa, tukaipasha, ikapoa tena. Injini ilipozimwa, baba alivuta boksi na kulinyanyua kwa ushindi. Lilikuwa limelowa oili.

"Limelowa upande wa chini!" Mzee Deusdedit alifoka. "Oili imetoka ardhini!"

"Upande upi ulikuwa chini?"

Walitazamana. Baba alikuwa ameshaligeuza mara mbili akionyesha ushahidi. Katibu hakuwa ameandika upande.

*Vipi?* aliuliza Pantaleo.

*Wamepata oili, hawajui ni ya juu au ya chini.*

*Ya nini??*

Nikaificha simu chini ya sinia.

Baba akakohoa, akasimama wima. "Ndugu wajumbe. Mimi sina ugomvi na oili. Nina ugomvi na kukana. Nyumba inayokana tone moja mbele ya macho yetu, kesho itakana nini kwa binti yangu? Napendekeza suala la barua liahirishwe hadi chanzo cha uvujaji kipatikane."

Mzee Deusdedit alifunga boneti taratibu, bila kuipiga, na hilo lilinitisha zaidi. "Hakuna haja ya kuahirisha," alisema. "Tutarudi nayo. Mwalimu, vaa koti."

Mama alinishika mkono kwa nguvu, na nadhani ndipo Shangazi Anna, aliyekuwa bado uani, alipoona uso wangu dirishani, kwa sababu alikunja kanga yake akasema kwa sauti ya kugombana, "Kaka, umewaweka watu hadi jua linashuka, binti hata hajaulizwa! Tangu lini wageni wanaondoka binti hajaulizwa? Wakaseme huko kwao kwamba kwetu hakuna desturi?"

Baba huogopa vitu viwili, oili na kuvunja utaratibu. Akasema niitwe.

Nikatoka nimejifunika kanga kichwani, mama akiwa bado amenishika mkono. Nikapiga magoti juu ya pevingi.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu."

"Ruthu," baba alisema, "unawafahamu wageni hawa?"

"Nawafahamu, baba."

Hapo huulizwa kama barua ipokelewe. Baba akauliza, "Na uko tayari kwenda kwenye nyumba isiyokubali kwamba gari lake linavuja?"

Mimi si msemaji. Darasani chuoni nilikuwa nikijua jibu nalimeza. Mkono wa mama ulikuwa bado ndani ya wangu, na nikaona siwezi kumfichua mama, wala siwezi kumwacha mzee huyu aondoke na jina la mwongo.

"Baba," nilisema nikitazama chini, "oili ile nimeimwaga mimi."

Niliinua macho kidogo. Mzee Deusdedit hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama mkono ulioshika wangu, zile kucha. Kisha akatazama mashina ya nguzo za kibanda. Kisha akacheka, kicheko kirefu.

"Mkwe," alimwambia baba, "binti yako ana moyo wa ajabu. Hajafika hata kwetu, ameanza kutusitiri. Nimeshindwa. Kweli, gari langu linavuja."

Mwalimu Yohane, suruali yake ikiwa na vumbi kavu lote la Chemba, alifungua mdomo. Mzee Deusdedit akamkanyaga mguu.

Uso wa baba ulifunguka kama wa mtu aliyepandishwa cheo. "Gasketi ya juu?"

"Gasketi ya juu."

"Ikiwa ya moto tu?"

"Ikiwa ya moto tu. Ulijuaje?"

"Uzoefu, mkwe. Uzoefu tu." Akampiga begani. "Mwalimu, unangoja nini? Lete barua!"

Barua ikatoka, imekunjamana, inanuka jasho la mshenga. Baba aliipokea kwa mikono miwili, akaiacha na alama za vidole vyeusi pande zote, hata hakuona. Pilau ililiwa. Muda wote wa kula baba alimfundisha Mzee Deusdedit habari za gasketi, naye alisikiliza, akauliza na maswali.

Wakati wa kuondoka alipita karibu na mama. Kwa heshima hakumtazama. Aliiambia nguzo ya kibanda, "Mchwa wa huku ni wakorofi."

"Wakorofi sana, mkwe," mama aliijibu pevingi.

Baba alitangulia getini kuongoza gari, mikono juu. "Taratibu! Usiipe moto! Ukifika nusu ya njia pumzika, ipoe!" Na Mzee Deusdedit, ambaye gari lake halikuwa na ugonjwa wowote, aliliendesha kwa mwendo wa maziko hadi mwisho wa barabara yetu, huku baba akimwangalia. Alipokata kona tukasikia injini ikinguruma, ikaenda zake.