Mji Uliombakia Nakijwa

Usingizi haumpigii hodi mtu aliyechoka, unaingia tu. Unamkuta Bibi Nakijwa saa nane mchana katika ukumbi wa nyumba ya wazee, ameketi kwenye kiti cha plastiki, na mbele yake mumewe, Mzee Elinihaki, amesimama juu ya mkeka wenye waya. Mkeka umeunganishwa na runinga ya ukutani. Mzee akiinua mguu, mtu aliye ndani ya runinga naye anainua mguu, na barabara inasogea. Ndiyo mazoezi mapya ya wazee waliopotewa na kumbukumbu. Kabla ya kumpandisha, muuguzi, Sista Namsifu, amempasha mzee nyayo moto kwa viganja vyake, maana sakafu ni baridi, na Nakijwa ameliona hilo akaliweka moyoni. Ameliweka na jingine: asubuhi mumewe amemwuliza, mama, wewe umekuja kumwona nani? Baada ya ndoa ya miaka hamsini na miwili. Haya, Baba Kanankira, twende, anasema Sista, kushoto, kulia, kushoto, kulia, na hizo kushoto na kulia zinambembeleza Nakijwa mpaka kidevu kinagusa kifua, na anapokiinua hakuna ukumbi.

Kuna barabara. Ni ileile ya runingani, anaijua kwa sababu mti mmoja unapita kila baada ya hatua kumi, unapita tena, unapita tena. Mumewe yuko mbele anatembea, hageuki. Kando ya Nakijwa anatembea yule mtu wa runingani, mwenye kaptura ya bluu, na kwa karibu anaonekana hana uso, pale pa uso ni laini kama yai. Mwanangu, uso wako uko wapi? Hawajanichagulia bado, bibi. Pole. Asante, hakuna mwingine aliyewahi kuniuliza. Nataka kumfikia mume wangu, anasema Nakijwa, na yule mtu anajibu, kitendawili! Nakijwa anacheka, hakutegemea kukutana na hilo humu. Tega. Mimi napiga hatua, anayechoka mwingine. Ni punda? Hapana. Gari? Gari linachoka wapi, bibi, umeshindwa, nipe mji.

Hiyo ndiyo sheria, na Nakijwa ameijua tangu utotoni: ukishindwa unatoa mji, mwenzako anautembelea apendavyo, kisha anakupa jibu. Nimekupa Korogwe, anasema, kwa sababu ndiko yeye na mumewe walikofanyia kazi ya mkonge wakiwa vijana. Korogwe inatokea kando ya barabara, lakini imegeuka kama kwenye kioo, vibao vya maduka vinasomeka kinyumenyume, na stendi iko upande usio wake. Nilikwenda Korogwe, anasema asiye na uso, nikala, nikashiba, nikaukunja, na mji unakunjika kama kanga, haupo. Huko mbele mabega ya Elinihaki yanashuka kidogo. Jibu je? Jibu liko mji unaofuata. Ala! Hiyo si sheria yetu! Humu ndiyo, bibi. Anatoa Moshi, alikozaliwa binti yao Kanankira. Nayo inakunjwa, na mabega ya mzee yanashuka tena, na Nakijwa anaelewa ni kumbukumbu za nani anazozigawa. Umebakiwa na mmoja, anasema yule mtu, bila ubaya. Ni Usangi, milimani, walikokutana. Huo sikupi. Basi barabara haiishi. Na isiishe, anasema Nakijwa, anakimbia na magoti yake ya miaka sabini na minne, kiatu cha kushoto kinachomoka, hasimami, mti unapita, unapita, mpaka anaushika mkono wa mumewe. Barabara inasimama nao, kumbe ni miguu yake mzee ndiyo iliyokuwa ikiisukuma. Baba Kanankira, nisaidie. Mimi napiga hatua, anayechoka mwingine. Mzee anageuka, anafungua kinywa.

Hatua mia tatu! Sista Namsifu anapiga makofi. Ni ukumbi, ni kiti cha plastiki, ni mzee juu ya mkeka anahema, naye anamtazama Nakijwa. Umeshindwa? anauliza. Nipe mji. Kitendawili cha barabarani Nakijwa hajamsimulia mtu. Akiutoa na huu wa mwisho ukakunjwa, watabaki na nini? Lakini anayeuomba ni yeye, na mji ni wake pia. Nimekupa Usangi, anasema polepole.

Mzee anafumba macho. Nilikwenda Usangi, anasema, nikapanda mlima, nikamkuta binti anateka maji, ana kiatu kimoja, kingine kimechukuliwa na mfereji, nikambebea ndoo mpaka kwao. Toka siku hiyo mimi napiga hatua, yeye ndiye anayechoka. Jibu ni mke wangu.

Eti mzee ana vitendawili, anacheka Sista, kumbe mjanja! Nakijwa anataka kucheka naye, ila anatazama chini na mguu wake wa kushoto hauna kiatu. Anatazama chini ya kiti. Anatazama runinga. Pale barabarani, chini ya mti uleule, kipo, cheusi, na mwenye kaptura ya bluu amekiinamia kama anayekilinda. Mama Kanankira, anasema mzee akimnyooshea mkono, twende tukakichukue. Nakijwa hajui ameamka au la. Anavua na cha pili, anapanda mkekani.