Ramani Isiyo na Makosa

Selpher hakumwamini yule kijana tangu alipomwona akimwaga maji ya chumvi kwenye vigingi vya chuma, kuanzia mlango wa jikoni mpaka kwenye migomba. Boma la mjane halimwagiwi vitu hivihivi. Alilitaja jina la Yesu kwa sauti, akaketi kizingitini na Biblia mapajani, macho kwa kijana.

Kijana alikuwa ameletwa kwa baiskeli na Shikanga, shemeji wa Selpher. Shikanga alikuwa ameenda kwa chifu kusema kwamba nyumba ya marehemu kaka yake iko juu ya mashimo ya zamani ya dhahabu, itadidimia wakati wowote, mjane ahame. Hapo Malinya maneno kama hayo huaminika upesi, kwa jinsi ardhi ilivyotobolewa. Chifu akaagiza ipimwe kwanza.

Kijana aliitwa Kipyegon. Alieleza kwamba anapitisha umeme wa betri ardhini, anasoma namba hapa juu, halafu kompyuta mjini inakisia kilicho chini.

"Shida, mama, udongo wa namna nyingi unaweza kutoa namba zilezile. Kwa hiyo natafuta ule wenye makosa madogo, na kila shimo linaloongezwa bila sababu nalipatia adhabu."

Selpher akafunga Biblia. "Makosa ya nani? Na wewe ni hakimu, upeane adhabu kwangu?"

Shikanga alicheka mpaka akapaliwa. Kijana alisema makosa ni tofauti tu, kati ya namba alizosoma na zile za kompyuta, na adhabu ni ya kuizuia kompyuta isibuni mashimo. Selpher akamwambia watu wa kupima hupimanga vizuri wakishatiwa kitu mfukoni.

Wiki iliyofuata Kipyegon alirudi na ramani kwenye karatasi mbili. Katika ya kwanza, mashimo yalijazana chini ya nyumba kama viazi shambani. Shikanga akaidaka. Hii, alisema, kompyuta yenyewe imeonyesha haina kosa hata moja.

"Ndiyo maana siiamini, mzee," Kipyegon alisema. "Siku ile betri ilikuwa inazima, na ng'ombe wako alikanyaga waya. Ramani hii imekubaliana na kila namba. Imemwamini hata ng'ombe."

Selpher aliinua uso. Alikumbuka kikao cha ukoo baada ya mazishi, Shikanga akijibu kila swali la shamba bila kukwama hata mara moja.

Karatasi ya pili ilikuwa na makosa kidogo na umbo rahisi: ardhi ngumu chini ya nyumba, uwazi mmoja tu kwenye migomba.

"Na hii nitajuaje si uongo?"

"Siwezi kukuapia, mama. Tuchimbe."

Selpher alitaka kote kuchimbwe, mbele ya mzee wa mtaa. Kando ya ukuta jembe liligonga udongo mwekundu, mgumu kama sakafu. Kwenye migomba lilizama lote, nusura mchimbaji alifuate. Chini kulikuwa na njia iliyoshikiliwa na nguzo za miti, na miti hiyo ilikuwa bado inatoa utomvu. Njia ilitoka upande wa ua wa Shikanga, ikielekea nyumbani kwa Selpher, bado haijafika.

Shikanga alisema lazima ilichimbwa na wazungu wa zamani wa dhahabu. Mzee wa mtaa aligusa nguzo, akanusa kidole, akamwonyesha Shikanga utomvu mbichi.

"Mwambie chifu," Selpher alimwambia Shikanga, "mimi sihami."