Kioo Kinateleza

Macho yalipoanza kumfifia, mume wangu Grégoire alilaumu kwanza vumbi la njia ya Kabambare. Kisha akalaumu taa ya sola. Aliposhindwa kusoma kazi za wanafunzi wake wa fizikia, akalaumu darubini yake ya kutazamia nyota, kwamba ndiyo inamchosha macho, na hapo akanishinda, maana darubini kweli ilikuwa mbovu.

Aliachiwa darubini hiyo na padri mmoja aliyerudi kwao. Ukitaka nyota ionekane safi, unazungusha kifundo cha nyuma, nacho kinasogeza kioo kizito kilicho ndani. Kifundo kimelegea kama mnyororo wa baiskeli: unazungusha weee, kioo kimelala tu, halafu ghafla kinaruka. Grégoire akasema mkono wa mtu hauiwezi kazi hiyo. Akavunja mashine ya kuchapisha iliyokufa, akatoa mota, akaifunga kwenye kifundo kwa mkanda wa mpira. Kompyuta, kwa kamera ndogo aliyoichomeka kwenye darubini, ndiyo ingepima nyota na kuzungusha mota yenyewe. Alitaka picha moja tu ya Zohali na pete zake, aione kabla... Hakusema kabla ya nini.

Muuguzi alikuwa ametuambia wote wawili, hapa hapa Kasongo: mshipa wa macho yake unakufa, na ukifa haufufuki. Sikio la kufa halisikii dawa. Yeye alirudi nyumbani akisema ni vumbi.

Basi kila jioni tuko uani. Mihogo yangu inaozea majini, mimi nimekaa kumsomea namba, kwa sababu kompyuta, ati, inamchoma macho. Namba ni upana wa nyota: ikipungua, nyota imekaza. Inapungua, tunafurahi, anageuza darubini kwa Zohali, picha inatoka kama yai lililopasuka.

"Kioo iko nateleza," anasema. "Unaona, Mama Aurélie? Haiko macho yangu."

Nilikasirika, nikamwambia auze hilo kopo lake la darubini. Lakini kioo kilikuwa kinateleza kweli, ningebisha nini?

Mwishowe aligundua kosa. Kioo kikimalizia kwa kushuka, kinabaki kimening'inia. Kikimalizia kwa kupanda, kinakaa. Akaiamuru mota ipitilize chini kwanza, kisha daima imalize kwa kupandisha. Nikasoma namba. Ilipungua, ikatulia. Akageuza darubini, picha ikatoka.

Mungu wangu! Pete imesimama peke yake, na giza jembamba kati yake na mpira wa Zohali, safi kama limekatwa kwa wembe. Nilifungua mdomo nipige kigelegele, yeye akanitangulia. Alikuwa amesogeza uso hadi pua inakaribia kugusa picha.

"Bado iko na ukungu," akasema. "Kioo iko nateleza tena. Nipe tournevis, nifungue."

Bisibisi ilikuwa mkononi mwangu. Ningempa, angelegeza skrubu, na tungeendelea hivyo, yeye na kioo chake kibaya. Nilitaka kumpa. Namwambia Mungu ukweli, nilitaka sana.

"Baba Aurélie, kioo haiko nateleza tena. Picha iko clair, haina ukungu."

"Clair?"

"Clair kabisa."

Alipapasa darubini akaipata mota, akaweka kidole juu yake. Haikutikisika: kompyuta haikuwa na cha kurekebisha.

"Ile pete," akauliza, "inagusa mupira yake?"

"Haigusi."

"Hakuna fasi inagusa?"

"Hakuna, baba."

Akalia. Nami nikaifunga bisibisi kwenye pindo la kitenge changu, asije akaitafuta.